Kwa mnaoanza kazi chumba cha plasta

Wadogo zangu mnaojifunza kufunga mahogo, yaani plasta ngumu za kushikilia mfupa uliovunjika, tuanze na ule unga mweupe ulioshika kwenye bandeji, maana mtu anaweza kuutumia miaka mingi bila kujua tabia yake. Ni jasi, jiwe lile lile linalochimbwa Makanya, wilayani Same, na kupelekwa viwanda vya saruji. Huko husagwa pamoja na klinka, yale madonge yaliyochomwa ya kutengenezea saruji, kiasi kidogo tu, kama asilimia 3 hadi 5, ili saruji isimgandie fundi kabla hajaitandaza. Mabodi ya dari tunayoyaita jipsamu nayo ni hiyo hiyo.

Ya kwetu imechomwa kwanza. Ikifika nyuzijoto 150 hivi, robo tatu ya maji yaliyomo ndani ya jiwe hutoka, ukabaki unga. Ukiurudishia maji unageuka jiwe tena, na unapoganda unatoa joto. Joto hilo linatokea juu ya ngozi ya mgonjwa. Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, aliandika juu ya bandeji hii mwaka 1852, na mpaka leo inapata moto vile vile.

Mwaka wangu wa kwanza, siku moja foleni ilikuwa ndefu. Nikatia maji ya moto kwenye beseni ili hogo ligande upesi, nikaongeza tabaka, kisha nikaulaza mkono wa mtoto juu ya mto. Akalia. Nikamwambia mama yake ni maumivu ya mfupa. Mama akakataa: "Mwanangu anasema anaungua." Tulipolipasua tulikuta ngozi nyekundu yenye malengelenge. Nilimwomba radhi mama yule mbele ya mwanawe.

Tumieni maji ya kawaida ya bomba, na myamwage yakishakuwa meupe, kwa sababu masalia ya plasta huharakisha kuganda na kuzidisha joto. Pamba iwe ya kutosha, hasa penye mfupa uliochomoza. Hogo liachwe wazi lipigwe na hewa, lisifunikwe shuka. Litakuwa gumu ndani ya dakika chache, lakini kukauka kabisa huchukua siku mbili hivi. Mguu usikanyagiwe kabla ya hapo.

Mgonjwa akirudi usiku akisema maumivu yanazidi, au vidole vimekufa ganzi, au vimepauka, msimpe panado na kumrudisha nyumbani. Pasueni hogo na pamba yake mpaka muione ngozi, huku mwenzenu akimwita daktari.