Mzazi, ondoka dirishani

Likizo ya Agosti nilimwandikisha mwanangu wa miaka minane kambi ya karate hapa Nakuru: siku tano, saa mbili asubuhi hadi saa sita. Nia yangu haikuwa kubwa. Nilitaka tu atoke mbele ya runinga.

Nilianza kukosea hata kabla ya kambi. Nilinunua gi, lile vazi jeupe, nikaona suruali ni ndefu, nikampelekea fundi wa cherehani aipunguze. Kumbe ni pamba tupu! Ilipofuliwa mara moja ikarudi, mtoto akaingia mazoezini suruali imeishia katikati ya miundi. Ukinunua, fua kwanza ndipo uende kwa fundi. Lakini muulize mwalimu kwanza. Wiki ya kwanza fulana na suruali ya michezo huenda zikatosha. Kitu usichosahau ni kumkata kucha, za mikono na za miguu, maana wanacheza pekupeku na wanashikana.

Siku ya pili alirudi analia. Nikadhani ni baridi, kwa sababu sakafu ya saruji asubuhi za Agosti mnaijua. Wapi! Alilia kwa kuwa hakufundishwa mateke ya kuruka. Walisimamishwa tu, goti la mbele limekunjwa, mguu wa nyuma umenyooka, wakihesabu "ichi, ni, san", yaani moja, mbili, tatu kwa Kijapani, mpaka mapaja yakatetemeka. Jirani yangu, aliyenionya kwamba karate itamfanya mtoto mkorofi, angeshangaa: kata (mfululizo wa miondoko ya karate ambao mtu huufanya peke yake, kama anayepigana na adui asiyeonekana) waliyoanza nayo, Heian Shodan, ina hatua 21, na ya kwanza kabisa ni ya kuzuia pigo.

Jumatano nikaona nimsaidie. Nikasimama dirishani, na kila akikosea namwashiria: kushoto, kushoto! Akawa anageuka kunitazama mimi, hadi mwenzake wa nyuma akamgonga kisogoni. Mwalimu alitoka, akainamisha kichwa kwa adabu zao, akaniambia, "Mama, nakuomba ukanywe chai. Nataka mguu ukikaa vibaya ausikie mwenyewe."

Nilikasirika njia nzima hadi kibandani. Chapati ya pili ndiyo iliyonituliza.

Kwa hiyo ukitaka kumkagua mwalimu, na ni haki yako, nenda kabla hujalipa. Keti kipindi kizima. Tazama anavyomrekebisha mtoto aliye mzito wa kushika mambo kuliko wote, na uulize kama wageni watapiganishwa wiki hiyo hiyo. Ukiridhika, mwache mtoto langoni uende zako. Alhamisi nilifanya hivyo, na siku hiyo hakuna aliyelia, mimi wala yeye.

Ijumaa jioni alimwonyesha nyanya yake kata uani, ile sehemu aliyoishika. Nyanya alitazama kimya, kisha akauliza, "Na huyo unayepigana naye yuko wapi?"

"Hajafika bado," akamjibu, akafunga mkanda upya.