Maswali na majibu: Kufuli la sumaku na mashine ya kidole kwa duka la pembejeo

SWALI: Shikamoo fundi. Nina duka la pembejeo na dawa za mifugo hapa Mwanjelwa, Mbeya. Tuko watu tisa. Kila mfanyakazi anapoondoka nabaki na wasiwasi wa funguo, maana kuchongesha ufunguo mwingine sokoni ni kazi ya dakika chache. Mwaka huu nimeshabadilisha vitasa mara mbili. Fundi mmoja amenishauri nifunge mashine ya alama za vidole na kufuli la sumaku kwenye milango mitatu: wa mbele ambao ni wa kioo, wa ofisi ya keshia, na wa stoo ambao ni wa chuma. Anasema kufuli hilo linashika kilo 280, hakuna wa kulivunja. Je, nikubali? Na nitaweza kufungua kwa simu nikiwa nyumbani Tukuyu?

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa gharama za vitasa. Usimlipe fundi bado. Kilo 280 ni kweli, hajakudanganya. Ila kabla ya kuuliza kufuli linashika kilo ngapi, uliza linafanya nini umeme ukikatika.

Kufuli la sumaku lina vipande viwili: sumaku ya umeme inayofungwa juu kwenye fremu, na bamba la chuma linalofungwa kwenye mlango. Umeme ukipita vinang'ang'aniana, ukikatika vinaachiana papo hapo. Limeundwa hivyo makusudi, ili watu wasinaswe ndani wakati wa hatari. Kwa mlango wa ofisi yenye watu wengi na mlinzi getini ni kifaa kizuri. Kwa stoo yenye mali, maana yake ni kwamba usalama wako wote umekaa juu ya betri.

Hebu tuipigie hesabu hiyo betri. Kufuli la kilo 280 hula karibu ampea 0.5 kwa volti 12, mchana na usiku, bila kupumzika. Kontrola (kile kinachoamua mlango ufunguke au la) na kisomaji (kile kinachosoma kidole au kadi) vikila ampea 0.2, jumla ni 0.7. Betri inayofungwa mara nyingi kwenye visanduku hivi ni ya volti 12, ampea-saa 7. Gawanya 7 kwa 0.7, unapata saa 10 za kwenye karatasi. Kwenye maisha halisi, betri ikiwa mpya, hesabu saa saba au nane, na ikishakaa miaka miwili au mitatu inaweza kukupa nusu ya hapo. Sasa chukua usiku wa mvua, umeme umekatika saa mbili usiku na kurudi alfajiri. Saa kumi usiku stoo yako iko wazi, na hakuna aliyevunja chochote.

Kwa hiyo kwenye ofisi ya keshia na stoo ningeweka kifaa ambacho mafundi hukiita straiki. Ni kile kipande cha kwenye fremu kinachopokea ulimi wa kitasa, ila hiki kina koili ndani yake, yaani waya uliosokotwa unaogeuka sumaku umeme ukipita. Kadi ikikubaliwa, kinalegea kwa sekunde tano hivi, unasukuma mlango, kisha kinakaza tena. Ziko za aina mbili, na dukani hufanana kwa sura: inayobaki imefungwa umeme ukikatika, na inayoachia umeme ukikatika. Wewe unataka ya kwanza. Mwambie muuzaji hivyo hivyo kwa maneno, kisha mwombe aiunganishe na betri palepale kaunta uone. Faida yake nyingine ni kwamba inakula umeme kwa zile sekunde za kufungua tu, hivyo betri ileile iliyokuwa ikikauka usiku mmoja inaweza kukufikisha kesho yake na zaidi. Na ikiisha kabisa, mlango umefungwa na ufunguo wako wa kawaida bado unafanya kazi. Ufunguo huo uwe mmoja, ukae nao wewe.

Utaniuliza: kama mlango unabaki umefungwa, aliye ndani atatokaje? Kwa kushika mkono wa kitasa tu. Straiki inazuia anayeingia; anayetoka anazungusha mkono na ulimi unarudi ndani, umeme uwepo usiwepo. Hapo usikubali mbadala wowote. Watu wa Mbeya tumeona Mwanjelwa ikiungua mwaka 2006 na soko la Sido mwaka 2017, tena wewe unauza vitu ambavyo moshi wake ni sumu. Mtu aliye stoo lazima atoke kwa mkono mmoja, gizani, bila kadi, bila namba, bila kumtafuta mwenye ufunguo. Na kama mahali popote utafunga sumaku, kitufe cha kutokea kikate umeme wa sumaku moja kwa moja, badala ya kuiomba kontrola iukate. Kontrola ikiganda, kitufe kinachoitegemea hakina kazi.

Mlango wa mbele uache kama ulivyo. Mchana wateja wanaingia na kutoka, kadi ya nini pale? Usiku unafunga grili na makufuli yako, na hayo ndiyo ulinzi wa usiku. Fedha ya mlango wa tatu ihamishie kwenye bawaba za stoo. Nasema hivi kwa sababu milango ya chuma inayochomelewa kwetu mara nyingi huanza kuning'inia baada ya muda: unaunyanyua kidogo ndipo kitasa kinashika. Straiki haivumilii hilo. Ulimi ukigusa pembeni hata kwa milimita tatu, koili inasukuma bure, mlango haufunguki, na lawama zinaiangukia mashine. Mwite mchomeleaji kwanza, mlango ujifunge kwa kusukumwa na kidole, kisha uwekewe mkono wa kuurudisha wenyewe. Mlango ulioachwa nusu wazi hauna mfumo wa kuusaidia.

Sasa mashine yenyewe. Nyingi za bei nafuu zina kila kitu ndani ya kisanduku kimoja kinachokaa nje ya mlango: kisomaji, vitufe vya namba, na rilei inayofungua. Rilei ni swichi tu. Anayefungua skrubu za kisanduku hicho na kugusisha waya mbili za nyuma amefungua mlango, haijalishi kidole chake kimesajiliwa au la. Kwa hiyo nunua ambayo kisomaji kiko nje peke yake, na kontrola yenye rilei imejificha ndani, upande ambao asiyeruhusiwa hafiki. Muulize fundi wako swali hili moja: "Nikikibandua kile cha nje, mlango unaweza kufunguka?" Akianza kuzunguka, mtafute mwingine.

Kuhusu vidole, mimi kwa duka lako ningechagua kadi. Vijana wako wanabeba mifuko ya mbolea na saruji. Ncha za vidole zinachubuka, vumbi linaingia kwenye mistari ya ngozi, na ikifika Juni na Julai baridi yetu inakausha mikono kabisa. Mashine itamkataa mtu uliyemwajiri, atajaribu mara nne, na mwisho wenzake wataweka jiwe mlangoni ili usijifunge. Liko pia suala la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka alama za mwili kama vidole kwenye kundi la taarifa nyeti. Ukizikusanya unawajibika kwa namna unavyozitunza na kuzifuta, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo inayosimamia. Kadi ikiibwa unaifuta na kutoa nyingine. Kidole hakibadilishwi.

Lakini kadi nazo si sawa. Zile nene nyeupe na vitufe vidogo vya kuning'iniza kwenye funguo, vinavyofanya kazi kwa masafa ya kilohezi 125, nyingi hutamka namba ileile kwa yeyote anayeuliza. Kunakili moja ni sekunde chache kwa kifaa cha bei ndogo, kwa hiyo utakuwa umerudi kwenye shida ileile ya ufunguo wa kuchongesha. Zile za megahezi 13.56 ni nzuri zaidi, ingawa hata humo kuna aina iitwayo MIFARE Classic ambayo siri yake ilivunjwa na watafiti mwaka 2008. Ukiweza, chukua aina iitwayo DESFire, na hakikisha kisomaji kinaisoma kwa siri yake badala ya kuchukua namba ya juujuu tu. Namba ya siri ya pamoja, ile ya kila mtu kuijua, iache kabisa. Ukitazama vitufe baada ya miezi sita utaona vinne vilivyochakaa, na mgeni naye ataviona.

Hapa nakuomba uwe mkali kama unavyokuwa mkali kwenye daftari la mauzo. Siku ya kusajili kadi, kaa pembeni ya fundi na uandike: kadi namba fulani, nafasi fulani kwenye mashine, jina la aliyepewa. Kwenye mashine nyingi za kawaida, kadi iliyopotea inafutwa kwa ile namba ya nafasi. Usipoijua, njia iliyobaki ni kufuta zote na kuanza upya kwa watu wote tisa. Shida uliyoniletea ni watu wanaoondoka na ufunguo, na daftari hilo ndilo dawa yake. Na ile namba kuu ya kiwandani ibadilishwe palepale, mbele yako, uiweke wewe.

Waya ni mahali ambapo kazi nyingi nzuri huharibikia. Mafundi wanapenda kuvuta waya wa kompyuta kwa kila kitu, kwa kuwa uko mkononi. Kwa kisomaji sawa. Kwa kufuli, hapana. Kila uzi wake una kama milimita mraba 0.2. Ukivuta mita 30, umeme unakwenda na kurudi mita 60, ukinzani wake unazidi omu 5, na kwa ampea 0.5 unapoteza karibu volti 2.6. Kufuli la volti 12 linapata 9.4, na straiki inanguruma bila kulegea. Waya wa milimita mraba 1.5, ule wa taa, kwa umbali huohuo unapoteza chini ya volti 0.4. Tofauti ya bei ni ndogo mno kulinganisha na kubomoa ukuta mara ya pili. Na palepale kwenye straiki kiwekwe kidayodi (kipande kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu), cha namba 1N4007 kinatosha, kinyume na mwelekeo wa umeme wa moja kwa moja. Koili inapozimwa hurudisha mshtuko wa volti nyingi, na mshtuko huo unakula rilei ya kontrola kidogo kidogo mpaka siku moja inagoma. Kidayodi ni cha bei ya peremende, lakini nimekuta kazi nyingi zisizo nacho.

Kisanduku cha kontrola na betri kisikae ndani ya stoo. Vumbi la mbolea, hasa CAN na UREA, hunyonya unyevu hewani na kula shaba na chuma. Baada ya masika mawili vituo vya waya vinaota kijani. Kiweke ofisini kwako, juu, chenye kufuli lake. Kipe pia kizuizi cha radi na waya wa ardhi ulio mzima, maana kuanzia Novemba mpaka Aprili ngurumo za huku hazichagui duka.

Kabla ya kumaliza malipo, fanya jaribio: zima swichi kuu ya jengo ukiwa na fundi. Ingia kwa kadi, toka kwa mkono wa kitasa, fungua kwa ufunguo, kisha acha izime usiku kucha na uje asubuhi uone betri imebaki na nini.

Kufungua kwa simu kutoka Tukuyu kunawezekana, mashine zipo za kuunganisha na intaneti. Kwa stoo sikushauri. Atakayekupigia kuomba umfungulie humwoni, na nywila ya simu yako inageuka ufunguo wa duka. Chukua kontrola inayotunza kumbukumbu ya nani aliingia saa ngapi, uwe unaisoma ukija dukani. Ila kwa kuwa huenda mwakani ukaona bado unahitaji simu, mwambie fundi leo avute waya mmoja wa kompyuta mpaka kwenye kisanduku na kuuacha umekunjwa humo.