Kupe kazini: maswali ya waajiri na wafanyakazi

Nina kampuni ya kukata miti. Mhasibu anauliza kinga dhidi ya kupe italipa lini.

Mwombe aanze na gharama asizoziandika. Ugonjwa wa Lyme, unaosababishwa na bakteria wanaoenezwa na kupe, ukigunduliwa mapema hutibika kwa vidonge vya antibiotiki vya wiki mbili hivi. Ukiachwa, bakteria huingia kwenye viungo, neva, hata moyo. Opereta aliyevimba goti hawezi kupanda kwenye mashine yake: mashine imelala, anatafutwa mtu wa kushika nafasi, wenzake wanalipwa saa za ziada. Hapo ndipo pesa inapopotelea, si kwenye bei ya dawa. Ila kama idara ya afya inasema eneo lenu halina kupe wenye vimelea, fungu hilo lipeleke kwingine.

Bajeti inatosha jambo moja. Sare zenye dawa au semina?

Sare. Katika jaribio la wafanyakazi wa nje huko North Carolina, Marekani, lililochapishwa 2014, sare zilizotiwa permethrini (dawa ya kuua wadudu na kupe) kiwandani zilipunguza kuumwa na kupe kazini kwa asilimia 82 mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili kinga ilishuka hadi asilimia 34. Usinunue mara moja ukadhani umemaliza.

Msimamizi anataka tujikague kupe nyumbani, kwa muda wetu.

Hapana, hilo silikubali. Kwa kawaida kupe huhitaji kung'ang'ania mwilini zaidi ya saa 24 ndipo aambukize Lyme, kwa hiyo kumtoa siku hiyohiyo ni kinga kubwa mno. Lakini kupe mchanga ni mdogo kuliko mbegu ya ufuta, na hujificha nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, kwenye nywele. Kumwona kunataka mwanga na utulivu. Dakika tano kwa watu 24 ni saa mbili za mshahara kila siku. Ni pesa ya kweli, na mwajiri ndiye wa kuilipa, maana kupe amepatikana kazini kwake. Kila gari liwe na kibano chenye ncha nyembamba: mshike kupe karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumzungusha. Msimwagie mafuta ya taa wala kumchoma.

Tuwapime damu wafanyakazi wote kila mwaka?

Msipoteze fedha. Kipimo cha damu cha Lyme hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili huunda kupambana na vimelea; huweza kukosa ugonjwa wiki za mwanzo, na huweza kuonyesha alama miaka mingi baada ya mtu kupona. Wekeni daftari: nani aliumwa, lini, wapi. Akitokewa na wekundu wa ngozi unaotanuka kati ya siku ya 3 na ya 30, au homa, aende kwa daktari siku hiyo bila kukatwa mshahara.

Na chanjo?

Kwa homa ya ubongo inayoenezwa na kupe katika sehemu za Ulaya na Asia, ipo. Virusi vyake huweza kupita dakika chache tu baada ya kuumwa, hivyo kujikagua hakutoshi. Anayepeleka watu kufanya kazi huko awalipie chanjo, na aanze mapema, kwani dozi hutolewa kwa awamu.