Jibu: Esprit inanuka petroli, nishushe matangi?

Mkuu, umesema Lotus Esprit yako, gari la michezo lenye matangi mawili ya mafuta, inanuka petroli ukijaza mpaka juu, mafuta yakishuka nusu harufu inakata. Usikimbilie kushusha matangi. Anza na mipira ya juu, ya kujazia na ya kupumulia. Ikizeeka hupasuka pale klipu inapobana, na ufa huuoni mpaka uukunje mpira kwa kidole.

Ingekuwa inavuja hata mafuta yakiwa kidogo, ningeshuku mpira wa chini unaounganisha matangi mawili, au kutu. Matangi ya chuma hukalia sponji inayofyonza maji, na kwa unyevu huu wa Dar (unalaza gari Mbezi Beach nini?) yanaliwa kwa chini. Hapo shusha, ila nyonya mafuta yote na utoe waya wa betri kwanza. Fundi akitaka kulichomelea kabla mvuke haujaisha, hata awe mkongwe wa Gerezani, kule kwa mafundi wa Dar, beba tangi lako uondoke.