Arubaini nitakuwa nawe

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimenifika hapa Lamu, na alhamdulillahi kwa habari ya mimba. Umeniuliza kama uache lithiamu, dawa yako ya baipola, huo ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, maana shangazi yako kakwambia itamharibu mtoto. Usiache mpaka ukae na daktari wako wa akili na yule wa uzazi, nao wote wawili wajue u mjamzito.

Shangazi yako hakuzua. Lithiamu katika miezi mitatu ya kwanza huongeza kidogo hatari ya kasoro ya moyo wa mtoto, ndiyo maana utapigwa picha moyo wake utazamwe karibu wiki ya 20. Inayotisha zaidi ni valproeti, dawa nyingine ya baipola, na nashukuru wewe huinywi. Lakini na kukata dawa ghafla nako kuna hatari yake, nami niliiona kwa macho yangu. Mwaka ule ulipoacha vidonge, usiku wa nne bila kulala ulikuwa ukisugua sinia la shaba la nyanyako mpaka vidole vikachubuka, huku wacheka. Mimi nimekaa mlangoni, sithubutu kufumba jicho.

Figo za mjamzito huchuja kwa kasi, lithiamu ikatoka kwa mkojo na kiwango chake kikashuka. Kwa hiyo damu ipimwe mara kwa mara. Lakini ukitapika kutwa kwa joto hilo la Malindi, mambo hugeuka: maji yakipungua mwilini, dawa huzidi damuni. Mkono ukitetemeka hata chai imwagike, ukaharisha, ukayumba, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na wakikwambia ukate chumvi kwa kuwa miguu imevimba, muulize daktari kwanza. Chumvi ikipungua, lithiamu hupanda.

Linalonishughulisha mimi hasa ni arubaini. Kwa mwenye baipola, wiki za kwanza baada ya kujifungua ndizo za kuchungwa sana kuliko mimba yenyewe, na kukosa usingizi huuchochea ugonjwa. Lithiamu hupita kwenye maziwa pia, basi suala la kunyonyesha uliulize sasa, usingoje uchungu. Ikiwa ni maziwa ya kopo, usiku nitamlisha mimi, wewe ulale. Mumeo nimeshasema naye.

Nijulishe siku ya kliniki. Nitavuka Mokowe alfajiri, nipande basi, tuingie kwa daktari pamoja.

Mamako