Jibu: Unene wa barafu ya Mirihi unapimwaje kutoka juu?

Mkuu, umeuliza wanajuaje unene wa barafu ya ncha za Mirihi wakati hakuna aliyewahi kuitoboa. Ni rada. Chombo kinachozunguka sayari kinatuma mawimbi ya redio chini. Mengine yanadunda juu ya barafu, mengine yanapenya hadi kwenye mwamba ndipo yarudi. Wanapima tofauti ya muda, wakikumbuka kwamba mawimbi hupunguza mwendo ndani ya barafu (wengi hulisahau hilo). Matabaka ya vumbi nayo yanaonekana, kama chapati ya kusukuma ukiichambua. Kusini, chombo cha Ulaya kiitwacho Mars Express kilikuta unene unafika kilomita 3.7. Mimi huku Kigamboni naona kinukta chekundu tu!