Maswali ya Wasomaji: Amana ya Nyumba ni Mali ya Nani?

SWALI: Mhariri, nimeishi Kahawa West, Nairobi, katika nyumba ya vyumba viwili kwa miaka minne. Kodi ilikuwa shilingi 22,000 kwa mwezi, na nilipoingia nililipa kiasi kama hicho cha dipoziti. Nilitoa notisi ya mwezi mmoja nikahama bila deni, lakini mwenye nyumba amekata shilingi 14,000 za kupaka rangi na 5,000 za usafi, na hizo 3,000 zilizobaki anasema nisubiri mpangaji mpya aingie. Dada yangu aliye Leicester, England, anashangaa, maana huko kwao dipoziti haikai mfukoni mwa mwenye nyumba. Je, mimi ninalindwa na nini?

JIBU: Dada yako anasema kweli. Nchini England, tangu tarehe 6 Aprili 2007, mwenye nyumba anayepokea amana, yaani dipoziti, katika upangaji wa kawaida wa makazi lazima aiandikishe katika mojawapo ya mifuko iliyoidhinishwa na serikali na kumpa mpangaji taarifa zake ndani ya siku 30. Asipofanya hivyo, mahakama inaweza kumwamuru amlipe mpangaji fidia ya kuanzia kiasi cha amana hiyo hadi mara tatu yake. Pande mbili zikivutana wakati wa kuhama, mfuko wenyewe una mtu wa kuamua bila malipo, na ni mwenye nyumba anayetakiwa kuthibitisha kwamba ana sababu ya kukata.

Kwetu Kenya hakuna mfuko wa namna hiyo, wala hakuna sheria inayomlazimu mwenye nyumba ya makazi kuitenga amana katika akaunti ya pembeni. Sheria ya Udhibiti wa Kodi, yenye baraza lake la kusikiliza malalamiko, inahusu nyumba ambazo kodi yake halali haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho kwa kodi za leo kinawaacha nje wapangaji walio wengi wa mjini, nawe ukiwa mmoja wao. Kinga yako basi ni mkataba uliotia saini pamoja na ushahidi ulio nao. Kwa maoni yangu hilo ni pengo ambalo Bunge limeliacha wazi kwa muda mrefu mno, kwa sababu mpangaji anakabidhi fedha nyingi kwa mtu ambaye baadaye atakuwa mdai na mwamuzi kwa wakati mmoja.

Hata hivyo hujakosa msingi wa kudai. Amana si mapato ya mwenye nyumba. Ni fedha zako anazozishika kama dhamana ya kodi isiyolipwa, bili zilizobaki na uharibifu uliousababisha. Rangi iliyofifia kwa miaka minne ya kuishi ni uchakavu wa kawaida, na uchakavu haulingani na ukuta uliotobolewa au mlango uliovunjwa. Lakini usome mkataba wako kabla ya kuandika lolote, kwa maana mikataba mingi ya mjini ina kifungu kinachomtaka mpangaji aiache nyumba ikiwa imepakwa rangi. Ikiwa ulikikubali, mwenye nyumba ana haki ya kukata gharama hiyo, ila iwe ni ile aliyoitumia kweli, nawe umwombe risiti ya fundi na ya rangi. Kuhusu zile 3,000, kama mkataba hausemi kwamba utasubiri mpangaji mpya, hana sababu ya kukusubirisha.

Mwandikie barua, utaje kiasi unachodai na sababu, umpe siku 14, nawe ubaki na nakala. Akinyamaza, nenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya fedha zako zinazoshikwa na mtu mwingine, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Huhitaji wakili, unaweza kusimama na kujieleza mwenyewe. Peleka mkataba, ujumbe wa M-Pesa wa siku uliyolipa amana, notisi yako, na picha za nyumba ulivyoiacha. Wengi huziacha haki zao hapa kwa kukosa picha tu, na hilo huniuma kila nisomapo barua kama yako.

SWALI: Nina nyumba sita za kupangisha Kisauni, Mombasa. Wapangaji wangu wakikaribia kuhama hukataa kulipa kodi ya mwezi wa mwisho, wakaniambia nikate kwenye dipoziti. Wa mwisho aliniachia sinki iliyopasuka na bili ya maji. Mimi nilindweje?

JIBU: Malalamiko yako ni ya haki, mama. Mpangaji anayeila amana kama kodi ya mwezi wa mwisho anakuondolea dhamana siku ileile unapoihitaji. Andika katika mkataba kwamba amana haitatumika kama kodi, na utaje siku utakazoirudisha baada ya funguo kukabidhiwa. Wenye nyumba wengi huwa wameshazitumia fedha hizo kwa ujenzi au karo, na mpangaji akijua hilo hana imani ya kurudishiwa. Ukizitenga katika akaunti ya pembeni na kumwonyesha mpangaji tangu mwanzo kwamba zipo, unamwondolea sababu ya kwanza ya kukunyima kodi.

Siku ya kuingia, mzunguke naye chumba kwa chumba, mwandike hali ya sinki, vitasa, vioo na taa, mpige picha, kisha mtie saini nyote wawili. Siku ya kutoka mrudie orodha hiyohiyo, na msome mita ya maji mkiwa pamoja. Hasara ikizidi amana, mlango wa Mahakama ya Madai Madogo uko wazi kwako pia, na dai linalotokana na mkataba linaweza kufunguliwa ndani ya miaka 6. Kwa sinki hiyo, tafuta risiti ya fundi wiki hii, na bili ya maji iwe na tarehe zinazoonyesha kwamba yeye bado alikuwa ndani.